Tusiwagawe Vijana wa Karakana kwa Macho, Masikio na Mikono

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, ilipoigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, karakana imerudi katikati ya mazungumzo ya elimu nchini. Vyuo vya ufundi stadi vinajengwa wilayani, shule zinafungua mafunzo ya uashi, useremala, umeme na ushonaji, na wazazi ambao zamani waliiona kazi ya mikono kuwa kimbilio la aliyeshindwa, leo wanaulizia nafasi. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kila mlango unaofunguliwa huingiza watu, na karakana iliyojengwa kwa ajili ya vijana ishirini hujikuta ina hamsini. Ndipo linapozuka swali ambalo hapana budi tulikabili bila kusitasita: mwalimu mmoja atawafundishaje vijana hamsini ambao hawafanani?

Moja ya majibu yanayosikika mara kwa mara katika semina za walimu ni hili: kwamba kila mwanadamu anayo njia yake ya kujifunza aliyozaliwa nayo. Huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio, na wa tatu kwa mikono. Basi mwalimu awape vijana karatasi ya maswali, awapange katika mafungu, kisha kila fungu alifundishe kwa njia yake. Jibu hili linapendeza kulisikia, kwa sababu linakiri jambo ambalo kila mzazi analijua, yaani vidole vya mkono havilingani. Pamoja na hayo, sisi tunasema kwamba ni jibu lisilo sahihi, na kwamba katika karakana yenye vijana wengi linaweza kuleta hasara ambayo Taifa litakuja kuilipa.

Mahali pafaapo kulitazama jambo hili ni Arusha na vitongoji vya Mlima Meru. Ni maeneo machache nchini yaliyokusanya mafunzo ya ufundi ya namna nyingi ndani ya mwendo mfupi wa gari. Mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Kuna mafunzo ya ufundi stadi na ya hoteli na utalii yaliyo chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kuna CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Kuna kituo cha jemolojia ambamo vijana hufundishwa kukata na kung'arisha madini ya vito. Ukishika barabara ya kwenda Moshi, unafika Tengeru, penye Chuo cha Ualimu cha Patandi, ambacho kazi yake ni kuwaandaa walimu wa elimu maalumu. Mbali ya hivyo vyote, yapo magereji ya mitaani, kuanzia Unga Limited hadi Ngarenaro, na zipo karakana ambamo magari ya watalii hukatwa fremu, yakarefushwa, yakawekewa paa la kuinuliwa ili mgeni asimame amtazame tembo.

Msomaji wa Unguja na Pemba huenda akauliza, mlima huu unatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Unatuhusu sana. Hilo neno amali, ambalo Bara sasa imelipa mkondo mzima wa sekondari, ndilo ambalo Zanzibar imelitumia kwa miaka mingi, na kwa jina hilo ikaunda Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali kwa sheria ya mwaka 2006. Vituo vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vinapambana na maswali yale yale ya vijana wengi na zana chache. Wazee wa pwani walikwisha kutuusia kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kwa hiyo likipotoka Arusha litapotoka na Vitongoji, na likinyooka huku litafaa na huko.

Nadharia ilikotoka

Yafaa kwanza kueleza nadharia hii ilikotoka, maana haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Howard Gardner, alitoa kitabu kinachodai kwamba akili ya mwanadamu si moja bali ni nyingi. Mwaka 1984 Mmarekani mwenziwe, David Kolb, alieleza jinsi mtu anavyojifunza kutokana na mambo anayoyatenda, na namna watu wanavyotofautiana katika hilo. Mwaka 1992 Neil Fleming wa New Zealand, pamoja na mwenzake, alitoa dodoso la kuwapanga wanafunzi kwa macho, masikio, kusoma na kuandika, na kutenda. Dodoso hilo lilisambaa haraka kwa kuwa ni fupi na rahisi. Ni haki kusema hapa kwamba Gardner mwenyewe alikwisha kukana kwamba akili zake nyingi ni kitu kimoja na hizo njia za kujifunza. Wafuasi ndio waliovichanganya.

Kisha wakaja wapimaji. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza, wakichunguza hasa elimu ya vijana waliokwisha kuvuka umri wa miaka 16, ambao ndio vijana wa vyuo vya ufundi, walikuta mifumo 71 ya kuwagawa wanafunzi kwa njia za kujifunza. Walichambua 13 kwa kina, na mingi kati ya hiyo wakaiona haina msingi imara wa kutegemewa darasani. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, waliuliza swali lililo wazi zaidi. Walisema: ikiwa nadharia hii ni ya kweli, basi kijana wa macho afundishwapo kwa macho afaulu zaidi kuliko afundishwapo kwa masikio, na kijana wa masikio iwe kinyume chake, huku wote wakipewa mtihani mmoja. Walipotafuta ushahidi wa namna hiyo hawakupata wa kutosha wa kuhalalisha fedha na muda unaotumika. Watu wanapenda njia mbalimbali, hilo ni kweli. Lakini kupenda ni jambo moja, na kujifunza ni jingine. Mtoto hupenda sukari, wala haifuati kwamba sukari ndiyo itakayomkuza.

Alama isiyofutika

Huenda afisa mmoja akasema, hata kama nadharia haijathibitika, kuna ubaya gani kuijaribu? Ubaya upo, na ndio uliotufanya tuandike.

Katika shule ya watoto wa matajiri, mtoto akiitwa wa mikono, wazazi wake watamtafutia mwalimu wa hesabu wa jioni, na jina hilo litapita kama upepo. Katika karakana ya wilayani hali ni nyingine. Kijana aliyekwisha kufika pale akiambiwa kwamba kitabu si chake, ukimpa na karatasi yenye muhuri inayosema kwamba yeye ni wa mikono, umemfungia mlango wa pili. Mwalimu mwenye vijana hamsini, naye akiwa amechoka, atapata sababu nzuri ya kutomfundisha kusoma mchoro, kukokotoa uwiano wa saruji na mchanga, au kuandika hati ya gharama. Atasema: wewe kazi yako ni kushika mwiko. Kijana huyo atatoka akiwa mtumwa wa msimamizi yeyote anayejua kusoma ramani.

Nchi hii ilikwisha kuonja jambo la namna hii. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ielekezwe zaidi kwenye kilimo, kazi za mikono na maisha ya kijijini. Ndani ya mapendekezo hayo yalikuwamo maneno ya maana. Lakini Waafrika wengi waliyaona kuwa yanaliweka taifa zima katika fungu moja, fungu la watu wa mikono, huku fungu la kalamu wakiachiwa wengine. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi mwaka 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, iliukataa mgawanyo huo kutoka upande wa pili: ilimtaka mwenye kalamu ashike jembe. Tulichokuwa tukikitaka wakati ule ni kichwa na mkono vikae katika mtu mmoja. Isije ikawa kwamba, baada ya safari ndefu hiyo, tunavitenganisha tena kwa dodoso.

Lugha yetu yenyewe inatushuhudia. Fundi, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi: maneno yote haya yamechipua katika shina moja. Mswahili hakumwona anayejua kazi kuwa mbali na anayeijulisha kwa wengine, wala hakuwa na neno la fundi wa macho na fundi wa masikio.

Tofauti zilizo za kweli

Kukataa mgawanyo huu si kusema kwamba vijana wote ni sawa. Wanatofautiana sana, lakini kwa mambo mengine, na mambo hayo mwalimu aweza kuyaona bila dodoso.

La kwanza ni yale anayoyajua kijana kabla hajaingia. Katika darasa moja la ufundi wa magari Arusha aweza kukaa kijana aliyekaa miaka minne kwenye gereji ya mtaani, anayetambua hitilafu ya injini kwa kuisikiliza tu, lakini hajawahi kuona kitabu cha maelekezo. Pembeni yake amekaa aliyemaliza kidato cha nne, anayejua kanuni ya mkandamizo wa hewa, lakini hajawahi kushika spana. Hawa hawatofautiani kwa macho na masikio. Wanatofautiana kwa mzigo walioingia nao. VETA inao utaratibu wa kuwatambua na kuwarasimisha mafundi waliojifunza kazini, wakapimwa na kupewa vyeti. Busara ile ile yapasa kuingizwa darasani tangu siku ya kwanza: kila kijana apewe kazi ndogo aifanye, mwalimu atazame, aandike. Kisha wa gereji na wa kidato wakae jozi moja. Huyu atamwonyesha mwenziwe mkono unavyokwenda, na yule atamsomea kitabu. Wote wawili watafaidi, wala hakuna atakayekuwa amebandikwa jina.

La pili ni lugha. Mtoto wa Bara huanza shule kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na Kiingereza, na vitabu vingi vya zana na mitambo vimeandikwa kwa Kiingereza. Vijana wengine wa miteremko ya Meru na wa mbuga za Monduli na Longido walianza maisha kwa Kimeru, Kiarusha au Kimaasai kabla ya Kiswahili. Mara nyingi kijana asemwaye kuwa hajifunzi kwa kusikia ni kijana asiyeelewa maneno anayoyasikia. Mwalimu aliyemwambia kwa Kiswahili fasaha kwamba hii ni jiriwa, hii ni tupa, huu ni timazi, akayaandika ubaoni na kuyachora, amemfungulia sikio lililodhaniwa kuwa limeziba.

La tatu ni mwili. Kijana asiyeona anahitaji sikio na kidole. Asiyesikia anahitaji jicho na lugha ya alama. Hayo si mapendeleo, ni mahitaji, na ndiyo sababu Taifa liliweka chuo cha Patandi. Lakini kuna na wale ambao upungufu wao hauonekani. Wapo wanaume kadhaa katika kila jamii ambao hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Katika utaratibu wa zamani wa nyaya tuliourithi kwa Waingereza, waya wenye umeme ulikuwa mwekundu na wa ardhi ulikuwa wa kijani, na nyumba nyingi za zamani, Bara na Visiwani, bado zina nyaya hizo. Utaratibu mpya umeuweka waya wa ardhi katika mistari ya kijani na manjano, ambayo hata asiyetofautisha rangi huiona kuwa ni mistari. Mwalimu wa umeme ambaye hajawapima vijana wake rangi, huku akiwa amewapima kama ni wa macho au wa masikio, amepima lisilo na faida akaacha lenye uhai na mauti.

La nne ni nani hasa anayeifikia zana. Katika karakana iliyojaa, mwenye nguvu na mwenye kelele hushika mashine, na mwenye haya husimama nyuma. Mara nyingi anayesimama nyuma ni msichana. Baada ya muhula mmoja mwalimu atasema kwamba binti yule hana mikono ya kazi. Ukweli ni kwamba mikono anayo. Aliyokosa ni zamu.

Kazi ndiyo inayochagua njia

Tukiyaweka hayo mahali pake, tunabaki na swali la njia. Je, mwalimu aeleze, aonyeshe, au aache vijana watende? Jibu letu ni kwamba kinachoamua njia ni kazi yenyewe, wala si mapenzi ya mwanafunzi.

Tuchukue mfano ulio karibu na mlima. Tangu miaka ya 1980 CAMARTEC, kwa ushirikiano na Wajerumani, imekuwa ikiwafundisha waashi kujenga mitambo ya gesi ya samadi, ambayo ng'ombe wachache wa zizini huipatia mama wa nyumbani moto wa kupikia. Mtambo huo ni kuba la tofali lililofukiwa ardhini. Mwashi huweka kigingi katikati ya sakafu, akafunga kamba au fito yenye urefu mmoja, na kila tofali analoliweka hulipima kwa kamba hiyo. Urefu ukiwa haubadiliki, kuba hutoka la mviringo na hubeba uzito wa udongo ulio juu yake. Sasa, mafunzo hayo ni ya macho, ya masikio au ya mikono? Mchoro wa kuba hauelezeki kwa maneno matupu. Sharti uonwe, na kila mwanafunzi auone. Sababu ya gesi kuvuja katika ufa mdogo kuliko unywele haionekani kwa jicho. Sharti ielezwe, na kila mwanafunzi aisikie. Uzito wa lipu juu ya mwiko hauonekani wala hauelezeki. Sharti ushikwe, na kila mwanafunzi aushike. Mwashi aliyeachiwa sehemu moja tu kati ya hizo tatu, eti kwa kuwa ndiyo njia yake, atajenga kuba lisilowasha hata koroboi.

Ndivyo wazee wa Kimeru na Kiarusha walivyowafundisha vijana wao kuchimba mifereji inayoshusha maji kutoka mlimani hadi migombani. Kijana aliambiwa, akaonyeshwa, akachimba, na maji yenyewe yakamsahihisha pale alipokosea mteremko. Ndivyo na mafundi wa Nungwi wanavyomlea mwanagenzi wa kujenga jahazi. Hakuna mzee wa pwani aliyewahi kumwuliza mwanagenzi kama yeye ni wa sikio au wa tezo.

Wengi mbele ya mmoja

Mtu atasema, hayo yote ni mema, lakini mzee wa Nungwi ana mwanagenzi mmoja au wawili, na mwalimu wa wilaya ana hamsini. Ni kweli. Tatizo la wingi ni la zamani, nalo lilipata majibu kabla nadharia ya njia za kujifunza haijazaliwa.

Mwaka 1868 Viktor Della-Vos, mkuu wa chuo cha ufundi cha kifalme cha Moscow, alikuwa na shida hiyo hiyo ya vijana wengi na mafundi wachache. Alichofanya ni kuichambua kila kazi katika mazoezi madogo madogo, yaliyopangwa kutoka jepesi hadi gumu, kila zoezi likiwa na mchoro wake na kipimo chake. Kijana hakuenda zoezi la pili kabla hajalimaliza la kwanza vyema. Hivyo mwalimu mmoja aliweza kuwasimamia wengi, kwa kuwa kila mmoja alijua yupo wapi na anakwenda wapi. Mazoezi hayo yalionyeshwa Philadelphia mwaka 1876, na Wamarekani wakayachukua. Baadaye, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Charles Allen aliyewafundisha wajenzi wa meli wa Marekani alilikusanya somo la kazi katika hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe na kumweleza, mwache ajaribu, kisha mkague. Katika hatua hizo nne macho, masikio na mikono ya kila mtu hupata sehemu yake.

Tufanye sasa hesabu ambayo afisa yeyote aweza kuirudia mezani kwake. Tuseme karakana ina vijana 48, mashine 6 za kuchomelea, na kipindi cha saa 3. Mashine 6 kwa dakika 180 ni dakika 1,080. Ukizigawa kwa vijana 48, kila mmoja anapata dakika 22 na nusu za kuchomelea. Na hizo anazipata ikiwa umeme haukukatika, vijiti vya kuchomelea havikwisha, na hakuna aliyemnyang'anya mwenziwe zamu. Dakika nyingine 157 na nusu anasimama.

Mwalimu aweza kuwagawa vijana hao katika makundi manne ya watu 12, kila kundi likae kituo kimoja kwa dakika 45, kisha lihame. Kituo cha kwanza ni mashine, vijana wawili kwa kila moja: mmoja anachomelea, mwenziwe amevaa kinga ya macho na kumkagua. Kituo cha pili ni kukata na kusafisha vyuma. Cha tatu ni kusoma mchoro na kukokotoa vifaa. Cha nne ni kukagua viungo vilivyokwisha kuchomelewa, kuvivunja, na kueleza kwa nini hiki kimeshika na kile hakikushika. Mwalimu asimame kwenye mashine, penye hatari. Vituo vingine viongozwe kwa karatasi ya maelekezo na mwanafunzi aliyetangulia. Kwa mpango huu makundi hayakupangwa kwa tabia, maana kila kundi linapita kila kituo. Anayependa kusoma atachomelea, na anayependa kuchomelea atasoma.

Lakini tusijidanganye. Hata kwa mpango huo, kijana bado anapata dakika zile zile 22 na nusu kwenye mashine. Ratiba nzuri huokoa dakika za kusimama, haizai mashine. Ukiongeza mashine 2, kila kijana atapata dakika 30. Ukizifikisha 12, atapata dakika 45. Hapa ndipo mwalimu anapofika mwisho wa uwezo wake, na wajibu wa serikali unapoanza.

Neno kwa wakuu

Wapo walimu wanaoshuhudia kwamba tangu walipojifunza habari za macho na masikio madarasa yao yamechangamka. Hatuwakanushi. Mwalimu aliyekuwa akisoma daftari kwa saa mbili, kisha akaanza kuchora, kuonyesha na kuwaachia vijana watende, lazima darasa lake lichangamke. Lakini lililowafaa vijana wake ni kwamba wote walipata njia nyingi, wala si kwamba kila mmoja alifungiwa katika njia yake. Mwalimu huyo abaki na michoro yake na maonyesho yake. La kutupa ni dodoso.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa elimu, Bara na Visiwani, wayafikirie mambo manne. Kwanza, fedha zinazotengwa kwa semina za kuwapanga vijana kwa njia za kujifunza zielekezwe kwenye vifaa vinavyokwisha haraka: mbao, saruji, vijiti vya kuchomelea, nyaya, uzi. Miaka ya 1970 tuliwahi kufungua vituo vya ufundi kwa vijana waliomaliza elimu ya msingi, na vingi vilidhoofika kwa kukosa zana na vifaa, ilhali majengo yalikuwapo. Somo hilo tulilipa ada yake, tusilirudie.

Pili, mkaguzi afikapo chuoni, asiridhike na kuhesabu vijana waliosajiliwa. Achukue saa, achague vijana watano, wakiwamo wasichana, ahesabu kila mmoja ameshika zana kwa dakika ngapi katika kipindi hicho. Tarakimu hiyo moja itamweleza mengi kuliko taarifa ya kurasa mia.

Tatu, kila karakana kubwa ipewe msaidizi wa mwalimu. Si lazima awe na shahada. Fundi mzoefu wa Unga Limited au wa Mwanakwerekwe, aliyerasimishwa na kufundishwa misingi ya kufundisha, aweza kuwa mkono wa pili wa mwalimu kwa gharama ndogo.

Nne, mafunzo ya walimu wa ufundi yachukue hekima kutoka Patandi. Mwalimu wa viziwi na wasioona ndiye anayejua tofauti kati ya haja na pendeleo, na ndiye anayejua kulifafanua somo moja ili kila mmoja alifikie. Waalikwe wawafundishe wenzao wa karakana. Umbali kutoka Tengeru hadi Arusha mjini si mkubwa.

Kwa wazazi wa visiwani na wa mlimani tunasema neno moja tu. Mtoto wako akirudi kutoka chuoni akakwambia kwamba amepimwa na kuonekana ni wa mikono, mwulize wiki hiyo alisoma mchoro gani, na alizishika zana kwa muda gani. Yakikosekana majibu, nenda chuoni ukaulize kwa heshima. Chuo kilijengwa kwa kodi yako, na kijana uliyempeleka pale ana macho yake, masikio yake na mikono yake, vyote vikingoja kufundishwa.